Tovuti ya mbunifu mwenyewe: namna ya kuianza na kuimaliza

Mbunifu wa Tanga anaweza kumtengenezea mwenye nyumba ya wageni ya Raskazone tovuti kwa wiki mbili, akakabidhi, akalipwa. Tovuti yake mwenyewe inakaa mwaka wa pili ikiwa na maandishi ya "Inakuja hivi karibuni". Si uvivu, na ujuzi anao. Kazi ya mteja ina mtu wa kusema "hapo panatosha", ina tarehe, ina malipo ya awali, na ina mambo ambayo mteja hataki hata kuyaona. Kazi yako mwenyewe haina hata kimoja kati ya hivyo. Kila rangi inaruhusiwa, kila fonti inaruhusiwa, na jicho linakua haraka kuliko mkono. Ulichokipenda Januari kimekuchosha kufika Machi, unafuta, unaanza upya.

Dawa yake ni kujiwekea mipaka kwa makusudi, kabla hujafungua programu yoyote ya kuchorea. Mwongozo huu ni wa dizaina wa nembo, vifungashio, mabango, vitabu au kazi za skrini, anayetaka tovuti ndogo: ukurasa wa mbele, kazi tatu hadi tano, bei na mawasiliano. Kwa saa mbili kila jioni, wiki tatu zinatosha. Wiki ya kwanza ni ya maneno, ya pili ya kujenga, ya tatu ya picha na majaribio. Wengi huanzia wiki ya pili, na humo humo ndimo wanamokwama.

Hatua ya 1: Karatasi ya mteja

Chukua karatasi ya A4, upande mmoja tu, uandike kama vile mteja ndiye anayekuagiza. Ijibu maswali manne.

Nani ataifungua? Usiandike "kila mtu". Andika watu wawili unaowafahamu kwa kazi zao: mama anayesindika mtindi na anahitaji lebo, na ofisa wa shirika anayetafuta mtu wa kupanga ripoti ya kurasa 40. Wa kwanza ataifungua kwenye simu, kwa bando lake, akiwa dukani. Wa pili ataifungua kwenye kompyuta ya ofisini na ataisambaza kwa wenzake. Watu hawa wawili ndio watakaoamua ukubwa wa picha, lugha, na nini kikae juu.

Afanye nini akishaona? Kitu kimoja. Kwa wabunifu wengi wa hapa ni kutuma ujumbe WhatsApp. Kama ni hivyo, kila ukurasa uishie hapo.

Nini hakitakuwemo? Swali hili ndilo linaloiokoa kazi. Andika mambo matano unayoyakataa mapema: hakuna blogu, hakuna maandishi yanayoruka, hakuna ukurasa wa "falsafa yangu", hakuna asilimia za ujuzi wa programu kwa mistari ya rangi, hakuna kazi ya zaidi ya miaka mitano. Wazo jipya likija usiku wa saa tano, nalo litakuja, liandike nyuma ya karatasi na uliache huko hadi mwakani.

Lini? Weka tarehe, kisha mpe mtu mwingine aishike. Njia inayofanya kazi vizuri ni wabunifu wawili kubadilishana: yeye awe mteja wako, wewe uwe mteja wake. Kila mmoja amwachie mwenzake amana inayouma kidogo, tuseme shilingi 50,000, inayorudi tovuti ikiwa hewani siku iliyoandikwa. Huyo mteja wako apewe mamlaka ya kweli ya kusema kichwa hiki hakieleweki, badilisha. Na apewe marekebisho mawili tu, kama unavyowapa wateja wako.

Hatua ya 2: Maneno kabla ya sura

Fungua programu ya kawaida ya kuandikia, isiyo na mapambo, uandike tovuti nzima humo. Sentensi ya kwanza ndiyo ngumu. "Karibu kwenye tovuti yangu" haimwambii mtu kitu, na "mbunifu mwenye shauku na ubora wa kimataifa" anaweza kuiandika yeyote. Taja unachotengeneza, unamtengenezea nani, na uko wapi: "Natengeneza lebo, vifungashio na mabango ya wafanyabiashara wa Tanga, Muheza na Korogwe." Mtu akiisoma hiyo anajua papo hapo kama amefika mahali pake au la.

Kisha chagua kazi. Tatu zinatosha, tano ndiyo mwisho. Usichague zilizokuchosha zaidi au zilizopendwa zaidi mtandaoni; chagua zinazofanana na kazi unayotaka kupewa. Kama hutaki tena kutengeneza kadi za harusi, usiweke hata moja, hata iwe nzuri vipi. Watu huagiza wanachokiona.

Kila kazi iandikwe kwa maneno 150 hadi 250, ikifuata mpangilio huu: mteja ni nani, tatizo lilikuwa nini, ulibanwa na nini, uliamua nini na kwa nini, kikatokea nini. Wabunifu wengi huruka sehemu ya kubanwa, na hiyo ndiyo inayomwonyesha msomaji akili yako. Tazama mfano wa maelezo ya lebo ya asali:

"Mteja anauza asali ya Handeni kwenye chupa za gramu 500. Lebo ya zamani ilikuwa na maandishi ya kahawia juu ya plastiki inayopitisha mwanga. Chupa ikijaa, jina halisomeki. Bajeti ilikuwa ya rangi mbili. Niliweka karatasi nyeupe isiyopitisha mwanga na maandishi meusi, rangi ya machungwa ikabaki kwenye ukanda wa juu peke yake. Maandishi ya mbele yalitoka mistari sita yakawa mitatu: jina, uzito, ilikotoka. Mengine yalihamia nyuma."

Hakuna sifa hata moja humo, lakini msomaji anaondoka akijua kwamba mtu huyu huangalia chupa ikiwa imejaa kabla ya kuchagua rangi. Kwenye matokeo, sema kinachothibitika: ilichapwa nakala ngapi, inauzwa wapi, bado inatumika. Kama huna takwimu za mauzo, usibuni asilimia. Mwenye biashara atapigiwa simu na mtu mwingine siku moja aulizwe.

Kabla ya kuweka kazi ya mteja hadharani, mwombe ruhusa kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unaojibiwa "sawa" ni bora kuliko kukumbuka mazungumzo. Haki za kazi za sanaa hapa nchini zinaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mkataba mliosaini unaweza kuwa umempa mteja haki za kazi. Kama mlifanya kazi watu watatu, taja sehemu yako: "Nilichora nembo, mpangilio wa kitabu ni wa mwenzangu."

Lugha nayo iamuliwe sasa. Ukianza na mbili, utakuwa na kazi mara mbili na hutamaliza. Kama wateja wako ni wafanyabiashara wa mjini, anza na Kiswahili, na kurasa za Kiingereza zifuate baadaye zikiwa na anwani zake, kwa mfano /en/. Kitufe cha kutafsiri kwa mashine usikiweke. Mtu anayeuza umakini hawezi kukabidhi maneno ambayo mwenyewe hakuyasoma.

Hatua ya 3: Jina na kikoa

Kikoa ni anwani ya tovuti yako, ile mtu anayoiandika kwenye kivinjari. Jina liwe linaweza kutajwa mara moja kwenye simu na mtu akaliandika bila kuuliza. Epuka vistari, namba, na majina yenye ng', kwa sababu alama ya ritifaa haikubaliki kwenye kikoa. "Ng'ombe" inageuka "ngombe" na nusu ya watu watakosea.

Kwa mtu binafsi kuna .me.tz, na kwa biashara .co.tz, zote husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Ukifanya kazi na watu wa nje, .com nayo haina ubaya. Muhimu zaidi kuliko herufi za mwisho ni nani ameandikwa kuwa mmiliki. Kosa linalojirudia sana ni kikoa kusajiliwa na rafiki au ofisi kwa barua pepe yao. Wakigombana nawe au wakisahau kulipia, jina limekwenda. Liandikishe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, na barua pepe hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho. Kikoa kikiisha muda, barua pepe iliyo juu yake inakufa pia, na ujumbe wa kukurudishia nywila hauna pa kufikia.

Hatua ya 4: Mahali pa kuiweka

Tovuti ya kurasa sita haihitaji WordPress, programu maarufu ya kuendeshea tovuti. WordPress ina hifadhidata, ina viongezi vinavyotakiwa kusasishwa, na usipoigusa miezi minane unaweza kukuta imeingiliwa. Kurasa za HTML (lugha ya kuandikia ukurasa) na CSS (lugha ya kupangia sura yake) tupu zinaweza kukaa miaka bila kuguswa. Huduma kama GitHub Pages, Cloudflare Pages na Netlify huzihifadhi bure kwa matumizi ya kiwango hiki. GitHub Pages inaruhusu tovuti ya hadi GB 1, na yako haitafika hata sehemu ya ishirini ya hapo.

Ukichagua GitHub Pages na kikoa chako, ingia kwa msajili, kwenye mipangilio ya DNS (orodha inayoelekeza kikoa kwenye seva), uweke rekodi nne za A, yaani za namba za seva: 185.199.108.153, kisha tatu nyingine ambazo sehemu ya tatu ni 109, 110 na 111. Kwa www weka rekodi ya CNAME, inayoelekeza jina kwenye jina jingine, ielekee kwenye anwani yako ya github.io. Mabadiliko huchukua dakika chache hadi saa 48 kuenea. Cheti cha HTTPS, kinachofanya mawasiliano na tovuti yawe salama, hutolewa baada ya DNS kukaa sawa, kwa hiyo onyo la "si salama" saa za mwanzo halimaanishi umekosea. Usianze kubadilisha rekodi kila nusu saa. Kila badiliko linaweza kukurudisha mwanzo wa foleni.

Jambo moja linawasumbua sana wanaotoka kwenye Windows. Huko faili la Lebo-Asali.JPG na lebo-asali.jpg ni kitu kimoja. Kwenye seva ni vitu viwili. Picha inaonekana kwenye kompyuta yako, ikienda hewani inapotea. Majina yote ya faili yawe herufi ndogo, bila nafasi, maneno yaunganishwe kwa kistari.

Hatua ya 5: Sura

Hapa ndipo wabunifu huzama, kwa hiyo mipaka iwe mikali: fonti mbili, rangi tatu, mpangilio mmoja wa ukurasa wa kazi unaorudiwa kwa kazi zote. Mpangilio ukiikataa kazi moja, badilisha picha za kazi hiyo. Usibuni ukurasa wake wa pekee.

Chora kwenye upana wa pikseli 360 kwanza. Mtu wa simu ndiye mgeni wako mkuu, na ukianzia kwenye skrini ya kompyuta utaishia kubana vitu. Safu moja, pembeni pikseli 16 kila upande, nafasi zote ziwe mafungu ya 8: 8, 16, 24, 40, 64. Usizidishe hapo.

Maandishi ya kawaida yawe pikseli 17 au 18, urefu wa mstari mara 1.55 hadi 1.6 ya ukubwa wa herufi, na kwenye kompyuta mstari usizidi herufi 75 hivi. Kwenye CSS, max-width (upana wa juu kabisa) ya 62ch inafikisha hapo. Kiswahili kinapumua vizuri kwenye mistari iliyoachana, kwa sababu maneno yake ni marefu na mstari hubeba maneno machache.

Urefu huo wa maneno unastahili kupimwa. Chukua neno "wafanyabiashara", lina herufi 15. Kwenye fonti ya kawaida herufi moja huchukua takriban nusu ya ukubwa wake. Ukiweka kichwa cha pikseli 48, neno hilo peke yake linataka pikseli 360 hivi, na skrini yako, ukitoa pembeni, imebakiza 328. Neno linatoka nje, ukurasa mzima unaanza kuyumba kushoto na kulia, na mgeni haelewi kwa nini. Violezo vingi vya kununua vimejaribiwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza, na hapa ndipo vinapovunjika. Kwenye CSS weka ukubwa unaokua na skrini, wenye kikomo cha chini na cha juu:

font-size: clamp(1.75rem, 5vw + 0.75rem, 3rem);

Kwenye simu ya 360 kichwa kitakuwa pikseli 30, neno letu litachukua 225 na kukaa kwa raha. Kikifika upana wa 720 kitakuwa 48. Kwa maneno marefu kabisa, usitegemee kivinjari kikate chenyewe; kionyeshe mahali kwa ­ (kistari kisichoonekana hadi neno likatwe) kwenye HTML, kama wafanya­biashara. Kata baada ya irabu, mahali ambapo msomaji angepumua hata kama angekuwa anasoma kwa sauti. Vitufe navyo visipewe upana maalumu. "Nitumie ujumbe WhatsApp" hautakaa ndani ya kitufe kilichopimwa kwa neno moja.

Andika lang="sw" kwenye alama ya html ya kila ukurasa. Bila hiyo, programu za kusomea wasioona zinaweza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya lugha nyingine, na kivinjari kinaweza kumwuliza mgeni kama anataka ukurasa utafsiriwe kutoka lugha isiyo yake.

Fonti zitumike za WOFF2, aina ya faili la fonti lililobanwa kwa ajili ya tovuti, mafaili mawili au matatu, si tisa. Faili lililopunguzwa hadi herufi za Kilatini huwa KB 15 hadi 30. Ukilipunguza mwenyewe, angalia usiiache nje ritifaa iliyopinda, U+2019. Ikikosekana, neno kama ng’ambo litaonyesha ritifaa ya fonti nyingine, nyembamba au nene kuliko majirani zake, na kwa mtu anayejiita mbunifu doa hilo linaonekana mbali. Weka pia font-display: swap ili maandishi yasomeke hata kabla fonti haijashuka. Na leseni iwe safi: fonti nyingi za kulipia zinazozunguka kwenye flashi za watu hazina ruhusa ya mtandao. Zenye leseni ya SIL Open Font License, inayoruhusu kutumia fonti bure, zipo za kutosha, tena nzuri.

Kuhusu rangi, kipimo kinachokubalika kimataifa kwa maandishi ya kawaida ni tofauti ya 4.5 kwa 1 kati ya herufi na nyuma yake. Maandishi makubwa 3 kwa 1. Kijivu cha #777777 juu ya nyeupe kinapata 4.48, kinaanguka. #767676 kinapita. Tofauti hiyo macho hayaioni, lakini inaonyesha jinsi kijivu kinachopendwa na wabunifu kilivyo pembeni kabisa ya kutosomeka. Mchana wa Tanga, mtu akiwa amesimama stendi jua linampiga kwenye skrini, hata 4.5 ni kidogo. Lenga 7 kwa maandishi ya kusoma.

Menyu iwe na maneno matatu: Kazi, Bei, Mawasiliano. Ngamiani, hapa Tanga mjini, mgeni hapotei kwa sababu barabara zina namba. Aliyeko ya 8 anajua ya 9 iko upande gani. Majina ya kisanii kwenye menyu, kama "Safari" au "Chungu cha mawazo", yanamnyima mgeni urahisi huo.

Hatua ya 6: Picha

Kazi ya kuchapwa ipigwe picha ikiwa imechapwa. Michoro ya kompyuta ya chupa za kubandikia nembo inafanana dunia nzima na haithibitishi kwamba kitu kilitengenezwa. Weka meza karibu na dirisha au kwenye kibaraza chenye kivuli, saa mbili hadi saa nne asubuhi, bila taa ya simu. Upande wa pili wa mwanga simamisha karatasi nyeupe ngumu ili kivuli kilainike. Picha moja ionyeshe kitu kizima, moja ikisogelee hadi nyuzi za karatasi zionekane, moja ikionyeshe mahali kinapotumika: dukani, ukutani, mkononi.

Kisha punguza. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina MB 3 hadi 5. Kumi za namna hiyo ni MB 40, na hakuna mteja atakayemaliza bando lake kwa ajili yako. Toa kila picha kwa upana wa aina tatu, 480, 800 na 1600, kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi) yenye ubora wa 75 hadi 80, kisha kiachie kivinjari kichague:

<img src="lebo-800.webp" srcset="lebo-480.webp 480w, lebo-800.webp 800w, lebo-1600.webp 1600w" sizes="(min-width: 800px) 800px, 100vw" width="800" height="600" alt="Chupa ya asali yenye lebo nyeupe">

Namba za width na height zisiachwe. Bila hizo kivinjari hakijui kiache nafasi gani, maandishi yanaruka picha inapofika, na mtu anabonyeza kitu ambacho hakukikusudia. Ongeza loading="lazy", inayoingoja picha hadi mgeni aikaribie, kwenye picha zote isipokuwa ya kwanza kabisa. Ukiiweka kwenye ya kwanza unaichelewesha ile ile anayoingoja.

Waliozoea kuchapa wana mtego wao. Faili la CMYK (rangi za wino wa kuchapa) likihifadhiwa kama JPEG na kupandishwa hivyo hivyo, rangi hutoka zimefifia au zimeungua, kila kivinjari na zake. Geuza kwenda sRGB (rangi za skrini) kabla ya kuhifadhi, uondoe alama za kukatia karatasi. Futa pia taarifa zilizofichwa ndani ya picha. Simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa, na kama ni kwako, umeweka ramani ya nyumba yako hadharani.

Kwa hesabu ya uzito: kipimo cha Lighthouse, chombo cha Google cha kupimia tovuti, huiga simu yenye kasi ya takriban Mbps 1.6. Kwa kasi hiyo, MB 1 huchukua sekunde 5, KB 500 sekunde 2.5. Google nao huhesabu kwamba kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kinapaswa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Kwa hiyo kinachopakiwa mwanzoni kisifike KB 500. HTML na CSS KB 35, fonti 50, picha ya kwanza 120: bado una nafasi kubwa, mradi usiongeze video.

Hatua ya 7: Bei na mawasiliano

Wabunifu wengi huficha bei wakiogopa kumkimbiza mtu. Anayekimbizwa na bei angekimbia tu, ila baada ya kukupotezea jioni mbili kwenye WhatsApp. Andika "kuanzia", kwa aina tatu za kazi, na useme kilichomo: marekebisho mangapi, mafaili gani, siku ngapi, gharama za kuchapa zimo au hazimo. Sema na malipo ya awali, kwa kawaida nusu.

Kiungo cha WhatsApp huandikwa https://wa.me/ kisha namba ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Watu wengi huandika 07 kama walivyoizoea na kiungo hakifanyi kazi. Unaweza kuongeza ?text= na ujumbe wa kuanzia, nafasi zikiandikwa %20, ili mgeni akute tayari "Habari, nimeona tovuti yako, nahitaji". Inamrahisishia mtu aliyesita, nawe unajua ametokea wapi. Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48 ili kidole kisikose.

Fomu ya kujaza usiiweke kama huihitaji. Inavuta taka, ujumbe wake hupotelea kwenye barua chafu bila wewe kujua, na ukianza kukusanya majina na namba za watu unaingia kwenye wajibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Usisahau picha ya kiungo, ile inayotokea mtu anapoituma tovuti yako kwenye kundi. Iwe pikseli 1200 kwa 630, chini ya KB 300, na og:image, mstari wa HTML unaoitaja picha hiyo, uandikwe anwani nzima kuanzia https. Ukiandika njia fupi ya faili peke yake, WhatsApp itaonyesha kiungo kitupu. Ukiibadilisha baadaye badilisha na jina la faili, kwa sababu ya zamani huhifadhiwa.

Hatua ya 8: Majaribio

Tafuta simu ya bei ya chini, zima Wi-Fi, toka nje juani, fungua tovuti. Kisha mpe mtu asiye dizaina, mwenye biashara kama wale wa kwenye karatasi yako. Msalimie, mkabidhi simu, hesabu sekunde tano, ichukue. "Mama, huyu mtu anafanya kazi gani?" Akijibu "ni mambo ya kompyuta", sentensi yako ya kwanza haijafanya kazi. Mrudishie simu umwambie atafute namna ya kukupata, na unyamaze. Ni vigumu kunyamaza, lakini ukimsaidia hata kwa kidole jaribio limeharibika. Watu watatu wanatosha kuonyesha matatizo makubwa. Usiwaulize kama ni nzuri. Kwa heshima tu watasema nzuri.

Pitia ukurasa kwa PageSpeed Insights, tovuti ya Google ya kupimia kasi, washa TalkBack, programu ya kusomea wasioona, kwenye simu ya Android usikilize ukurasa wa mbele hadi mwisho, bonyeza kila kiungo. Soma maneno yote kwa sauti. Kosa la tahajia kwenye tovuti ya mtu anayepanga vitabu linamfukuzia kazi.

Hatua ya 9: Siku yenyewe na mwaka unaofuata

Tarehe ikifika, iweke hewani hata kama kazi ya tano haijakamilika. Tatu zilizokamilika zinajitosheleza. Ya tano itaingia mwezi ujao. Siku hiyo hiyo tuma kiungo kwa kila mteja uliyewahi kumfanyia kazi vizuri, mmoja mmoja, si kwa kundi, na kwa wale uliowaonyesha humo waambie kazi yao iko ukurasa gani. Hao ndio watakaoisambaza.

Kuanzia hapo sura haiguswi miezi 12. Yanayobadilika ni maneno, bei, na kazi: ikiingia mpya moja, itoke moja. Kila kasoro itakayokukera iandike kwenye faili moja, na tarehe yake. Baada ya mwaka fungua faili hilo. Nyingi zitakuwa zimeacha kukukera zenyewe, na zilizobaki, mbili au tatu, ndizo za kurekebisha kweli. Wakati huo huo lipia kikoa, pakua nakala nzima ya tovuti kwenye diski ya nje, na piga kila namba na kiungo kilichomo kuona kama bado vinafika.